KURA NI AMANA

Maneno juu ya sheria ya uchaguzi na kazi ya karani, yaliyosomwa mbele ya wanachama huko Kilosa, kisha yakarudiwa Mikumi kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kusafiri



Halmashauri ya chama chetu imetuagiza tuseme leo juu ya sheria za uchaguzi na taratibu za kupiga kura. Heshima hii ni kubwa kuliko kimo chetu, maana sisi si wanasheria, wala hatukupata kukaa Bungeni. Elimu yetu ni ile ya sekondari ya misheni, na kazi yetu ni kuandika, kuhesabu na kutunza majalada. Walakini hatukuona njia ya kukataa, kwa sababu katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo halikujibiwa, nalo ni hili: Je, yafaa mtumishi wa Serikali aendelee kupokea kazi ya kusimamia kituo cha kura?

Mtakumbuka ya kwamba siku ile maneno yalikuwa makali. Baadhi yenu mlisema kwamba baada ya mambo ya tarehe 29 Oktoba 2025 hamtaki kuitwa tena kwenye kazi hiyo, maana majirani huwatazama kwa jicho lingine sokoni na hata msibani. Wengine mkasema kazi ni kazi, na mtu aliyeagizwa hana kosa. Sisi leo twataka kulijibu swali hilo. Lakini hatuwezi kulijibu vema pasipo kutazama kwanza sheria hii imetoka wapi, nani aliyeibadili kila mara, na karani alikuwa mahali gani ilipobadilika.

KURA YA KUSEMWA KWA SAUTI

Na tuanze mbali kidogo. Watu wengi hudhani ya kuwa kura ya siri ni kitu cha tangu zamani huko Ulaya. Sivyo. Uingereza yenyewe, mpaka mwaka wa 1872, mpiga kura alisimama mbele ya watu akalitaja kwa sauti jina la mtu amtakaye, na mwenye nyumba aliyompangisha, au bwana aliyemwajiri, aliweza kuwapo akisikia. Aliyechagua asivyopenda mkubwa wake aliweza kupoteza kazi au mahali pa kulala. Njia ya kutumia karatasi iliyochapwa na Serikali, na kuitia alama mahali pa faragha, ilianza katika makoloni ya Australia mwaka wa 1856, na Bunge la Uingereza likaifuata miaka kumi na sita baadaye.

Twalitaja jambo hili kwa sababu lina fundisho. Mnyonge hawezi kujitungia siri yake peke yake. Ni lazima iwepo sheria, na chumba, na karatasi, na mtu wa kuilinda karatasi hiyo. Kwa hiyo Serikali ndiyo ipasayo kutangulia katika mambo ya uchaguzi, kama vile itanguliavyo katika kujenga daraja. Mwananchi anaweza kuvuka, lakini daraja hawezi kulijenga peke yake. Basi Serikali ikijenga daraja lenye mbao mbovu, hapana haki ya kumlaumu avukaye.

HAPA KWETU

Katika Tanganyika Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka wa 1926, na kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka wa 1945 waliingia Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, wote wawili kwa kuteuliwa na Gavana, si kwa kuchaguliwa. Wazee wetu makarani walikuwa wamekwisha kujikusanya kabla ya hapo. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kiliundwa Tanga mwaka wa 1922, na Martin Kayamba alikuwa kiongozi wake. Twaweza kusema bila majivuno ya kwamba karani wa Kiafrika alijua kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu na kuchagua viongozi wake kwa hesabu ya kura miaka mingi kabla sheria ya nchi haijamruhusu kumchagua mjumbe wa Baraza.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza ulifanyika kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959. Jimbo la Mashariki, ambalo Kilosa yetu ilikuwa ndani yake, lilipiga kura katika fungu la kwanza. Tazameni sheria ilivyokuwa. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21, tena awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani kilichotajwa. Walioandikishwa nchi nzima hawakufika elfu 60, hali sensa ya mwaka 1957 ilikuwa imehesabu watu zaidi ya milioni 8. Juu ya hayo kila mmoja alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, karatasi yake iliharibika.

Chama cha TANU kilibishana sana juu ya sheria hiyo katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, na mwisho kikakubali kuingia. Katika Jimbo letu la Mashariki Mwalimu Julius Nyerere alisimama dhidi ya Patrick Kunambi wa Morogoro, akapata kura zaidi ya 2,600 na mwenzake kura 800 hivi. Hesabu hizo ni ndogo, ndugu zangu. Leo kata moja ya wilaya hii yaweza kutoa kura zaidi ya hizo.

Je, ni nani waliokuwa na darasa la nane au pauni 150? Wengi wao walikuwa makarani, walimu na wauguzi, yaani watu wa namna yetu. Lakini tangu mwaka wa 1953 Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Basi mtumishi alikuwa na ruhusa ya kupiga kura, asiwe na ruhusa ya kuwa mwanachama. Baadhi ya wazee waliona hilo kuwa tusi. Sisi twaona kwamba, ijapokuwa nia ya wakoloni ilikuwa kuwanyamazisha watu, lilibaki ndani yake neno moja la kweli: mkono ushikao daftari usiwe mkono ushikao bendera. Neno hilo tutalirudia.

JEMBE NA NYUMBA

Mwaka wa 1960 sifa za kuandikishwa zililegezwa, na baada ya Uhuru masharti ya elimu na mapato yakaondolewa kabisa. Lakini ugumu mwingine ukatokea. Mwaka ule wa 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na vingi vya viti hivyo havikuwa na mpinzani, hata watu wa majimbo hayo hawakupiga kura hata kidogo. Mtu alipewa haki kwa mkono wa kulia, akakuta hapana mahali pa kuitumia.

Serikali ikaongoza tena. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, nchi ikiwa sasa ni ya chama kimoja, sheria ilitaka kila jimbo liwe na wagombea wawili wa chama kile kile, wasimame jukwaa moja, wala wasitaje kabila, dini wala rangi ya mtu. Na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Jambo hili lilikuwa dogo kwa macho, lakini lilikuwa na akili nyingi. Bibi asiyejua herufi aliingia peke yake, akaona jembe analolijua na nyumba anayoijua, akaweka alama yake pasipo kumwuliza karani. Siri yake ikabaki kwake. Wakubwa wengi walianguka mwaka ule, na mmoja wao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Kwa upande wa Rais palikuwa na jina moja tu, na watu wakaulizwa ndiyo au hapana.

Hatusemi kwamba utaratibu ule ulitosha. Mtu aliyekuwa na mawazo mengine hakuwa na mlango wa kuingilia, kwa sababu chama ndicho kilichopitisha majina. Lakini twapenda mkumbuke ya kwamba hata zamani zile Serikali ilitambua kwamba kiti kisicho na shindano hakimpi mtu heshima ya kuchaguliwa.

VYAMA VINGI, NA MASANDUKU YALIYOCHELEWA

Baada ya Tume ya Jaji Nyalali, sheria ya vyama vingi ilipitishwa mwaka wa 1992, na Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaundwa mwaka 1993. Uchaguzi wa kwanza chini ya utaratibu huo ulikuwa tarehe 29 Oktoba 1995. Katika jiji la Dar es Salaam vifaa vilichelewa kufika vituoni, vingine havikutosha, na watu walisimama juani mpaka wakachoka. Tume ikafuta uchaguzi wa jiji zima, ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Katiba ilikuwa imebadilishwa na sheria ilikuwa mpya. Kilichokosekana kilikuwa karatasi kufika saa yake. Hapa ndipo tuonapo kwamba sheria bila bohari, bila gari na bila karani mwangalifu, ni maandishi matupu. Sisi wa Kilosa twalijua hili, maana twajua Mkondoa ukifurika hukata njia, na masanduku ya vijiji vya milimani hayaendi kwa ahadi.

Baadaye likaja Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, likatumika mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2005. Mwaka 2010 waliandikwa watu zaidi ya milioni 20, lakini waliopiga kura hawakufika nusu yao. Mwaka 2015 likaandikwa daftari jipya kwa mashine zilizochukua picha na alama za vidole, na majina yakawa zaidi ya milioni 23. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Mtu mmoja hakuweza tena kuandikwa mara mbili kwa majina mawili kwa urahisi kama zamani.

TULIYOYAKOSA SISI WENYEWE

Hapa, Bwana Mwenyekiti, twaomba ruhusa ya kukiri kosa letu.

Mwaka ule wa 2015 tuliwekwa kuwa karani mwongozaji wa wapiga kura katika shule moja ya msingi chini ya milima ya Vidunda, jimbo la Mikumi. Tulikula kiapo cha kutunza siri, tukatoa tamko ya kwamba si wanachama wa chama chochote. Shule ilikuwa na vyumba viwili vya kura, na majina yalikuwa yamegawanywa kwa herufi. Kituo kilifunguliwa saa moja asubuhi na msitari ulikuwa umekwisha kuwa mrefu.

Yapata saa nne akaja bibi mmoja mzee, mwenye fimbo, aliyekuwa ameondoka kwake milimani tangu jogoo wa kwanza. Akataja jina lake. Jina lake ni moja katika yale ambayo wengine huyaandika kwa H na wengine kwa K na H. Sisi tulilitafuta kama tulivyofundishwa kuliandika shuleni, hatukuliona. Tukamwambia, "Bibi, samahani, humu jina lako halimo." Akasema, "Mwanangu, mimi nimesimama hapa mbele yako. Basi kitabu chako ndicho kilichokosa, si mimi." Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Kadi yake ilikuwa mkononi mwake, imefungwa katika kitambaa, wala hatukumwomba atufungulie tuisome sawasawa, kwa sababu msitari ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Akageuka, akaenda zake polepole.

Usiku, tulipokuwa tunahesabu kwa taa, mwenzetu wa chumba cha pili alilisoma jina lile katika orodha yake. Lilikuwapo, na picha yake ilikuwapo, kwa herufi H, hatua ishirini kutoka mahali tuliposimama. Hapakuwa na alama pembeni yake.

Hakuna aliyetuagiza kumnyima bibi yule haki yake. Hapakuwa na rushwa wala vitisho. Sheria ilikuwa nzuri, mashine ilikuwa imefanya kazi yake, na Serikali ilikuwa imetumia fedha nyingi. Kura ile ilipotea mkononi mwetu kwa uvivu wa dakika mbili. Tangu siku ile hatupendi kumsikia mtu akisema kwamba karani hana kosa.

Walakini tuseme na jema la mwaka ule. Katika jimbo hilo hilo la Mikumi watu walimchagua Joseph Haule wa Chadema, yule msanii ajulikanaye kwa jina la Professor Jay, na katika jimbo la Kilosa wakamchagua mgombea wa CCM. Matokeo yote mawili yakatangazwa kama yalivyokuwa, na watumishi wa wilaya ile ile moja. Asubuhi yake mshindi na aliyeshindwa walinunua mkate duka moja. Mambo hayo yaliwezekana hapa hapa, si nchi za mbali.

SHERIA MPYA NA JERAHA JIPYA

Mwaka 2020 ile habari ya zamani ya viti visivyo na mpinzani ilirudi kwa nguvu. Katika majimbo zaidi ya ishirini wapinzani waliondolewa au hawakurudisha fomu zilizokubaliwa, na wagombea wa CCM wakapita bila kupigiwa kura. Baadhi ya majimbo hayo yalikuwa ya mkoa wetu wa Morogoro. Watu walinung'unika, na manung'uniko hayo yakasikika.

Basi mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mbili: Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, na Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Twapaswa kusema wazi kwamba ndani yake mna mambo mema. Mgombea aliyebaki peke yake hapiti tena kimya kimya, bali hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Iliwekwa kamati ya usaili kwa ajili ya wajumbe wa Tume. Na ile desturi ya wakurugenzi wa halmashauri kuwa wasimamizi wa uchaguzi kwa vyeo vyao, ambayo ilikuwa imebishaniwa Mahakamani hapa nchini mwaka 2019, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaikosoa mwezi Juni 2023, ilibadilishwa: Tume ikapewa kuwateua wasimamizi miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Hata hivyo mtumishi mwandamizi naye huteuliwa, hupandishwa na huhamishwa na Serikali ile ile.

Likatokea kusudi la kuona sheria hizo zitafanyaje kazi. Mwezi Novemba 2024 uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa ulisimamiwa bado na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, si Tume, na CCM ikatangazwa kupata zaidi ya viti 98 katika kila mia. Mwezi Aprili 2025 Chadema, iliyodai kwanza mabadiliko zaidi, haikutia sahihi kanuni za maadili ya uchaguzi, nayo ikatangazwa kuwa haitashiriki. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akashitakiwa kwa uhaini. Daftari lilikuwa na majina zaidi ya milioni 37, jambo ambalo halikupata kuonekana katika nchi hii. Siku ya kura, tarehe 29 Oktoba, ghasia zikatokea katika miji kadha wa kadha, mtandao ukazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakafa. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa kushinda kwa zaidi ya kura 97 katika kila mia. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC wakasema uchaguzi haukufikia viwango walivyokubaliana nchi wanachama. Mwezi Novemba Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Yale ambayo kila mmoja wetu aliyaona kituoni kwake, ameyaapia, nasi hatutayafanya kuwa habari za barazani. Wala hatusemi haya kwa ajili ya chama chochote. Lakini watu wamekufa, na wafu hawana chama. Mtu akituuliza kama daftari zuri na mashine nzuri vyatosha kuleta amani, hatuna budi kujibu kwamba mwaka 2025 havikutosha.

UONGOZI WA SERIKALI UWE WA NAMNA GANI

Twaona, basi, ya kuwa Serikali imeongoza mara nyingi katika kuifanya sheria iwe ya kisasa: mwaka 1965, mwaka 1992, mwaka 2015 na mwaka 2024. Tena mara nyingi imetangulia katika vitu, na ikachelewa katika imani. Mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja. Imani ya watu hainunuliwi; hupatikana kwa mtu kuruhusiwa kukagua hesabu.

Ninyi watunza fedha na watunza bohari mwajua jambo hili kuliko sisi. Mtunza bohari hasemi, "Niaminini." Husema, "Hiki hapa kitabu, hizi hapa hati, hesabuni wenyewe." Majirani zetu wa Kenya walilijifunza kwa uchungu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, na sababu kubwa ilikuwa namna fomu za matokeo zilivyopelekwa na kutunzwa. Walipopiga kura tena mwaka 2022, picha za fomu za vituo zaidi ya elfu 46 ziliwekwa wazi mtandaoni, na mtu yeyote mwenye kalamu aliweza kuzijumlisha. Ugomvi haukwisha, lakini wabishi walibishana juu ya karatasi ambazo wote waliziona.

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni manne, nayo twaomba Halmashauri iyafikishe mahali panapohusika kwa njia ya adabu na ya maandishi.

La kwanza, Tume iwe na watumishi wake yenyewe mpaka wilayani, wasiopandishwa vyeo na mtu ambaye jina lake lipo katika karatasi ya kura.

La pili, fomu ya hesabu ya kila kituo, iliyotiwa sahihi na msimamizi na mawakala, isiishie mlangoni pa kituo tu, bali itangazwe nchi nzima, ili mtu wa Mikumi aweze kuona ya Kimamba, na mtu wa Kimamba aone ya Kigoma.

La tatu, ibara ya 41 ya Katiba, fungu la 7, isemayo kwamba hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume, ifikiriwe upya. Mahakama ya Afrika iliikosoa mwezi Julai 2020. Hesabu isiyoweza kukaguliwa haimsaidii hata aliyeshinda kwa haki, maana hana pa kuonyesha ushindi wake.

La nne, sheria imlinde karani akataaye amri mbaya. Leo mtu mdogo aambiwaye "Tia sahihi hapa" hana pa kukimbilia usiku ule. Apewe pa kukimbilia.

JIBU LETU

Sasa twarudi kwenye swali. Je, tuendelee?

Ndugu zetu msemao tukatae wote, twawaelewa. Lakini tukiondoka sisi tuliozoea kuhesabu na kuapa, viti vyetu havitakaa vitupu. Watakaliwa na watu wengine, na huenda wakawa watu wasiojali herufi wala kiapo. Na bibi yule wa milimani atateremka tena na fimbo yake, amkute nani?

Na ninyi msemao aliyeagizwa hana kosa, hilo hatulikubali. Kiapo hakuapa mkubwa wako kwa ajili yako; uliapa wewe, kwa kinywa chako. Kura ni amana, na mwenye kuwekewa amana huulizwa yeye.

Basi jibu letu ni hili: tuendelee, kwa masharti matatu tuliyojiwekea wenyewe. Mosi, asiwepo mwanachama wetu atakayetia sahihi hesabu ambayo hakuihesabu kwa macho yake. Pili, mtu yeyote asirudishwe kutoka kituoni kabla kadi yake haijasomwa na orodha zote za shule hiyo hazijatazamwa. Tatu, mtumishi ambaye ni kada wa chama asiombe kazi hii, hata kama posho yake ni nzuri. Na yule ambaye dhamiri yake yamkataza kuifanya asichekwe wala asiitwe msaliti. Hapo ndipo linaporudi lile neno tulilolisema mwanzo, kwamba mkono ushikao daftari usiwe mkono ushikao bendera. Zamani tuliambiwa na mgeni kwa kulazimishwa. Leo tujiambie wenyewe kwa hiari.

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi na muda umekwenda. Pengine tumekosea, kwa maana hata sisi tulikwisha kukosea hatua ishirini tu. Kwa hiyo hatuombi wanachama watukubalie kwa kupiga makofi. Twaomba masharti haya matatu yaandikwe katika karatasi, yapigiwe kura ya siri hapa Kilosa na kule Mikumi, wahesabu wawe wawili kwa kila mahali, mmoja anayekubali na mmoja anayepinga, na hesabu ibandikwe mlangoni kabla watu hawajaenda nyumbani.